Trekta la mzee linakohoa? Amua sasa kabla Oktoba haijafika

Kila kijana wa Ukambani anayefanya kazi Nairobi anaijua simu hii. Huingia Oktoba, mara nyingi asubuhi, na huanza na salamu ndefu. Unaulizwa kazi inaendeleaje, unaulizwa watoto, unaulizwa kama mvua imenyesha huko mjini. Halafu ndipo inakuja: trekta limekwama, fundi anasema ni pampu, na majirani wanangoja kulimiwa. "Tuma tu chochote."

Unatuma. Utafanyaje? Mwezi uliopita ulituma ya klachi, na mwaka jana ilikuwa ya rejeta. Ukijumlisha M-Pesa zote ulizotuma tangu uajiriwe, huenda tayari umelinunua trekta hilo mara ya pili bila kujua, na bado liko chini ya mwembe likingoja spea.

Kwa hivyo hili ni lako pia, hata kama unaishi Pipeline, Mlolongo au Githurai na mara ya mwisho kushika jembe ilikuwa shule ya msingi. Swali lenyewe ni moja: trekta la nyumbani lirekebishwe, libadilishwe au liuzwe? Na wakati wa kulijibu ni sasa, msimu huu wa baridi. Oktoba mtakuwa mmechelewa.

Kipupwe cha ushago

Wewe Julai unaijua kwa jaketi la Gikomba na mvuke wa madirisha ya matatu. Nyumbani nako kuna baridi yake. Milima ya Mbooni na Kilungu huamka imefunikwa na ukungu. Upande wa Kitui mawingu hukaa tangu alfajiri hadi karibu saa sita na jua halionekani, ila tone la mvua hulipati. Ng'ombe wanakula mabua. Mbaazi, au nzuu kama mwaitu anavyoziita, zinaendelea kukauka na kuchumwa. Maembe yanaanza kutoa maua. Watu wanaota moto, uji unanywewa polepole, na kazi ya shamba imepungua.

Huo ndio upenyo wako. Kati ya Juni na Agosti trekta halina haraka. Fundi wa Wote au Mwingi hajazingirwa na wateja kumi wanaomkemea, na hata ikibidi spea itafutwe kule Grogan jijini, hakuna ekari inayolala bila kulimwa kwa sababu hiyo.

Wenzetu wa Canada hufanya hivyo hivyo, ingawa baridi yao si ya mchezo. Theluji ikifunika mashamba, mashine huingizwa bandani na kufunguliwa moja baada ya nyingine, ili ikifika wakati wa kupanda kila kitu kiwe tayari. Sisi hatuna theluji, lakini tuna miezi hiyo mitatu. Wengi wetu huipoteza tukisema "bado kuna wakati".

Kwa nini Oktoba hakusameheki

Katika Kitui na Makueni, mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ya Machi hadi Mei huja ikitaka na huondoka ikitaka. Na hata hiyo ya kutegemewa imetutesa: kuanzia Oktoba 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilikuwa mibaya, na kaunti zote mbili ziliumia.

Mvua yenyewe ikija haikai. Tuseme itanyesha wiki nane. Trekta likikwama wiki mbili za kwanza, umeshapoteza robo ya maji yote ya msimu. Ndiyo maana wakulima wa huku hupenda mbegu zinazokimbia, kama mahindi ya Katumani na ndengu, na wengi hulima na kupanda udongo ukiwa bado mkavu ili tone la kwanza likute mbegu iko chini.

Kumbuka pia kwamba trekta la mzee si la mzee peke yake. Jirani ambaye fahali wake wamekonda kwa kukosa malisho wakati wa kiangazi anategemea trekta hilo hilo. Mama mjane mwenye ekari tatu aliweka jina lake kwenye foleni tangu Septemba. Likilala chini siku kumi, kuna nyumba itanunua unga Februari badala ya kula chake. Kwa hivyo usilione kama chuma kikuukuu tu cha kupiga selfi ukienda Krismasi.

Baridi ndiyo inasema ukweli

Sasa sikiza jambo ambalo mafundi wanalijua vizuri. Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto kama ile ya petroli. Inategemea hewa kubanwa ndani ya silinda mpaka ipate moto wa kutosha kuwasha mafuta. Ringi za pistoni zikiisha, hewa inavuja na joto halifiki. Mchana wa jua injini hiyo inaweza kukudanganya. Saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai, haiwezi.

Na tusisingizie hali ya hewa. Baridi ya Kitui haijawahi kugandisha maji kwenye rejeta. Injini nzima, yenye betri nzuri, inafaa kuwaka bila sarakasi. Ikiwa kila asubuhi lazima watoto wanne waitwe kusukuma, au dereva analiegesha mlimani kila jioni ili kesho aliteremshe, mashine inakuambia kitu.

Ukienda nyumbani wikendi moja, amka kabla halijawashwa, kisha angalia haya:

Kwanza, linachukua muda gani kuwaka? Staata ikizunguka kwa uvivu, anza na betri na nyaya zake. Hiyo ni bei ndogo. Staata ikizunguka kwa nguvu na injini bado inakataa, shida iko ndani zaidi.

Pili, rangi ya moshi. Moshi mweupe unaotoweka injini ikipata moto si msiba. Ukiendelea, uliza kuhusu injekta au maji kuingia ndani ya silinda. Wa bluu ni oili inayoungua, yaani uchakavu. Mweusi mara nyingi ni filta ya hewa iliyojaa vumbi letu jekundu, na hiyo ni kazi ya dakika chache.

Tatu, oili. Ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia. Kisha injini ikinguruma polepole, fungua kifuniko cha kuongezea oili. Moshi ukipiga puu-puu kwa nguvu, ringi zimechoka.

Dakika ishirini tu, nawe utajua zaidi kuliko ulivyojua kwa miaka mitano ya kutuma pesa.

Wacha tupige hesabu

Hapa ndipo vijana wengi hukosea. Wanaona trekta kuukuu, wanaona aibu, wanakimbilia mkopo. Tulia. Chukua mfano huu, kisha ubadilishe namba uweke zenu.

Tuseme trekta linalima ekari 8 kwa siku, kila ekari Sh3,000. Hiyo ni Sh24,000. Dizeli, dereva na utingo wakichukua nusu, zinabaki Sh12,000. Likikwama siku 10 katika msimu mkubwa, Sh120,000 zimeenda. Ongeza fundi na spea Sh80,000, jumla Sh200,000. Msimu mdogo wa Machi, tuseme hasara ni nusu ya hiyo. Kwa mwaka, ubovu umewala Sh300,000.

Inauma. Lakini tazama upande wa pili. Trekta la mtumba la Sh1.5 milioni, likilipwa kwa miaka mitatu, ni Sh500,000 kila mwaka, na hapo hatujagusa riba. Kwa faida ya Sh12,000 kwa siku, lazima lilime karibu siku 42 kila mwaka kulipa mkopo tu, kabla ya kununua filta au tairi. Je, kijijini kwenu kuna siku 42 za kazi? Mvua ikikataa, kama ilivyokataa ile misimu mitano, benki itakungoja?

Sasa njia ya katikati: Sh250,000 za kufungua injini yote mwezi huu na kuirudisha ikiwa imara. Ikikupa misimu minne ya amani, umelipa Sh62,500 kwa msimu. Katika mfano wetu, hiyo ndiyo yenye akili.

Basi trekta libadilishwe lini? Kuna dalili tatu. Hasara ya ubovu kwa mwaka imepita kile ambacho mngelipa kwa jingine. Injini iliyofunguliwa imerudi gereji kwa ugonjwa ule ule. Au spea hazipatikani tena bila kuagizwa mbali. Hii ya tatu ndiyo inawaokoa wazee wengi wenye Massey Ferguson 135. Lilianza kutengenezwa Uingereza miaka ya 1960, lina injini ya Perkins ya silinda tatu, na mpaka leo fundi wa kawaida analijua kama kiganja chake. Umri peke yake haumpeleki mtu kaburini, wala trekta.

Kwa upande mwingine, upya peke yake si bima. Mapema 2025 kampuni ya CMC Motors, iliyokuwa ikiuza matrekta ya New Holland, ilitangaza kufunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania. Kabla ya kupenda rangi, uliza: nani atakuuzia spea miaka mitano ijayo, na fundi wa karibu yuko wapi?

Ukiamua kununua la mtumba

Nenda asubuhi na mapema bila kutangaza saa. Weka mkono kwenye boneti. Ukiikuta ina moto, muuzaji ameliwasha kabla hujafika, na una haki ya kuuliza sababu. Mwambie utarudi kesho likiwa baridi. Asiye na la kuficha hatakasirika.

Angalia logibuku na uhakikishe jina ni la anayekuuzia. Hili linawahusu pia mnaotaka kuuza la nyumbani. Ikiwa logibuku bado ina jina la babu aliyefariki, hakuna mauzo halali mpaka mambo ya urithi yapitie mahakamani. Familia nyingi hugundua hayo mnunuzi akiwa ameketi sebuleni na pesa mkononi.

Huenda hamhitaji trekta kabisa

Kule Mbooni matuta ya fanya juu ni membamba na mlima ni mkali. Plau ya ng'ombe hugeuka pale trekta haliwezi. Kama shamba lenu ni ekari nne na hamlimii wengine, kukodisha siku moja kwa msimu ni nafuu kuliko kulisha injini mwaka mzima. Uliza ofisi ya kilimo ya wadi yenu kama kuna trekta la kaunti. Kuna pia huduma kama Hello Tractor, iliyoanzia Nigeria na sasa iko Kenya, inayowaunganisha wenye matrekta na wanaotafuta kulimiwa.

Na tusisahau mwethya. Wazee wetu walichimba matuta kwa makundi kabla ya mtu yeyote kusikia neno chama. Kaya kumi zikiweka pamoja na kupanga foleni ya haki, zile siku 42 hupatikana. Kinachoharibu makundi haya kwa kawaida ni kukosa daftari, kila mtu anadhani mwenzake analimiwa zaidi.

Jinsi ya kuongea na mzee

Hii ndiyo sehemu ngumu. Trekta hilo huenda ndilo lililokulipia karo. Ukifika na kikokotoo na maneno ya "uza hicho chuma", umeshapoteza. Mpe heshima yake. Mwambie: "Mzee, nataka tusiteseke tena Oktoba. Nisaidie kuelewa."

Kisha omba mambo matatu. Msimu uliopita lililima siku ngapi? Lilikwama siku ngapi? Spea na fundi walikula pesa ngapi? Kama hakuna anayejua, nunua daftari la Sh50, mpe mdogo wako aliye nyumbani na umwombe aandike kila siku kuanzia sasa. Wewe fungua simu yako ujumlishe ulizotuma.

Na pesa ambazo ungetuma kwa vipande Oktoba, Novemba na Januari, zitafute Julai na Agosti zikiwa pamoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Oktoba hujengwa kwa bei ya dharura. Utabiri wa mvua za vuli kutoka Idara ya Hali ya Hewa hutoka kama mwanzo wa Septemba. Ukitoka, trekta liwe limewashwa, limejaribiwa shambani na plau imenolewa, au liwe limeuzwa na la kukodisha limeshalipiwa nafasi.

Wikendi ijayo nauli ya Kitui au Wote haijapanda bado. Beba jaketi.