Sakafu ni ya watu, vitu vipande ukutani

Chukua chumba cha futi 10 kwa 10, kama vilivyo vingi katika nyumba za kupanga za Manzese, Tandale au Buguruni jijini Dar es Salaam. Sakafu yake ni futi za mraba 100. Ingiza kitanda cha 5 kwa 6, futi 30 zimekwenda. Ongeza kabati la nguo, meza ya televisheni, mtungi wa gesi na madumu ya maji. Mtoto anayejifunza kutembea hana pa kukanyaga.

Sasa pima kuta. Zikiwa na kimo cha futi 9, zote nne zina futi za mraba 360. Toa mlango na dirisha, zinabaki zaidi ya 300, na katika vyumba vingi zimebeba kalenda na saa tu.

Wazee wa pwani walilijua hili. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zina vyumba virefu lakini vyembamba, kwa kuwa dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Upana ulipokataa, mafundi waligeukia ukuta. Ndani ya unene wa mawe na chokaa waliacha zidaka, watu wakaweka humo misahafu, taa na vyombo vya kaure. Jikoni ilining'inizwa susu, chakula kikalala juu, mbali na paka na sisimizi. Nguo na vitu vya thamani vilikaa ndani ya kasha.

Siku hizi ushauri unaosikika sana ni kupunguza vitu. Kwa mpangaji wa chumba kimoja, ushauri huo haumtendei haki. Madumu yamejaa chumbani kwa sababu bomba la uani hukauka siku kadhaa. Gunia la mchele lilinunuliwa wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Sufuria kubwa inasubiri shughuli, na ukitokea msiba majirani huja kuiazima. Hiyo ni akiba ya kaya. Inachohitaji ni mahali pake.

Anza na uvungu. Weka tofali la inchi 6, limelala, chini ya kila mguu wa kitanda, na hakikisha hakitikisiki. Kwa kitanda cha 5 kwa 6, kimo hicho kinaongeza nafasi ya futi za ujazo 15, yaani zaidi ya lita 400. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo peleka huko vitu vya mara mojamoja: begi la safari, mablanketi ya msimu wa baridi, vyombo vya shughuli. Nguo zifungie kwenye ndoo zenye vifuniko, uziinue juu ya mbao ili zisipate unyevu, na vuta kila kitu nje mara kwa mara ufagie, maana mbu na panya hupenda giza lililosahauliwa.

Kisha panda ukutani. Ubao mmoja juu ya mlango, kutoka kona hadi kona, unabeba masanduku mepesi bila kumgusa mtu kichwani. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kwanza, kisha mwite fundi mwenye drili na plagi, kwa sababu msumari mtupu hulegea haraka kwenye tofali la mchanga na saruji. Kizito kikae chini, chepesi juu, na cha kila siku kati ya kiuno na macho. Nyuma ya mlango pigilia ndoano za kanga, mikoba na miavuli. Sufuria zetu zisizo na mikono huingiana. Seti nzima inakaa pale ilipokaa iliyo kubwa kuliko zote.

Mtungi wa gesi usiingie uvunguni hata siku moja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini. Simamisha mtungi wima penye hewa, mbali na moto. Na dirisha lisizibwe na kabati, hata nafasi iwe finyu namna gani.

Neno la mwisho ni kwa wenye nyumba. Wakati ukuta unapandishwa, kuacha kidaka au kumwaga shelfu la zege juu ya usawa wa mlango ni kazi ndogo kwa fundi ambaye tayari yuko na saruji mkononi. Baada ya plasta na rangi, kazi hiyohiyo inakuwa gharama na ugomvi na mpangaji. Anayejenga vyumba vya kupangisha mwaka huu amwambie fundi wake hivyo kabla tofali la kwanza halijalazwa. Familia itakayolipa kodi hapo kwa miaka inastahili mahali pa kuweka vitu vyake na pa kukaa pia.