Picha ya Washington Isiyokwisha

Katika noti ya dola moja ya Marekani umo uso wa mzee mwenye nywele nyeupe, aliyefumba midomo kwa nguvu. Mzee huyo ni George Washington, Rais wa kwanza wa nchi ile, na uso huo ulinakiliwa kutoka katika picha ya rangi, ila katika noti umegeuzwa kama kioo kigeuzavyo. Leo twapenda kuwaelezeni habari za picha yenyewe, kwa maana wanaoujua uso ni wengi, bali wanaojua ya kwamba mchoraji hakuimaliza kazi yake ni wachache.

Mchoraji huyo aliitwa Gilbert Stuart. Alizaliwa mwaka 1755 katika Rhode Island, akajifunza kazi yake Uingereza. Mwaka 1796 Martha, mkewe Washington, alitaka picha mbili, moja ya mumewe na moja yake mwenyewe. Basi Washington, umri wake miaka 64, akaenda kukaa mbele ya Stuart, ingawa hakupenda kamwe kukaa kuchorwa.

Tena kinywa kilimsumbua. Meno yake karibu yote yalikuwa yamekwisha, akavaa ya bandia. Wako wasemao kuwa yalikuwa ya mti, si kweli. Yale aliyotengenezewa mwaka 1789 yalichongwa katika meno ya kiboko, mnyama tumjuaye sana katika mito yetu. Stuart mwenyewe alieleza ya kuwa Washington alikuwa ametiwa meno mapya siku zile, ndiyo sababu kinywa na taya vyaonekana vimekazana. Hakuficha jambo hilo kwa brashi yake, nasi twamsifu kwa hilo.

Kwa jambo jingine hatumsifu. Alipoona uso umetoka vizuri sana, alitambua ya kuwa akiishika picha ile ataweza kuinakili na kuuza nakala. Naye alikuwa mtu wa madeni. Picha ilikuwa itolewe ikiisha, basi hakuimaliza! Washington akafa Desemba 1799, Martha naye akafa mwaka 1802, wala picha zile mbili hazikufika kwao. Huku nyuma Stuart alifanya nakala makumi kwa makumi, akaziuza dola 100 moja, akizitania kwa kuziita noti zake za dola mia.

Stuart alikufa mwaka 1828, picha zingali kwake. Mwaka 1831 zilinunuliwa kwa ajili ya maktaba iitwayo Athenaeum mjini Boston, na tangu mwaka 1980 ni mali ya majumba mawili ya makumbusho, moja Boston na moja katika mji wa Washington. Aitazamaye ile ya Washington huona kichwa kimekamilika, rangi ya kahawia nyuma yake, na chini ya shingo kitambaa kitupu, kama Stuart alivyokiacha.