Mhudumu wa afya akibisha hodi, siri ya nyumba iwe salama

Januari 31, 2024, jijini Dar es Salaam, Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Lengo lililotangazwa lilikuwa kupata wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, yaani wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa wa Tanzania Bara. Huduma inamfuata mwananchi nyumbani kwake, na hilo ni jambo jema. Tujiulize basi anayeingia humo ndani anabeba wajibu gani.

Chukua ziara moja ya kawaida. Mhudumu anabisha hodi, anakaribishwa mkekani. Anaomba kadi ya kliniki ya mtoto na kutazama chanjo zilizorukwa. Anamzungushia mtoto utepe kwenye mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo kikiwa chini ya sentimita 11.5, kwenye rangi nyekundu, huo ni utapiamlo mkali na hakuna kusubiri kesho. Anabonyeza miguu yote miwili kuangalia kama imevimba. Kisha anamgeukia mjamzito: kichwa kinakuuma sana? Macho yanaona ukungu? Umetokwa na damu? Dalili moja tu inatosha kuandika rufaa.

Katika muda huo mfupi ameona mengine ambayo hakuyaulizia. Jiko halijawashwa tangu jana. Dawa za ARV zimefichwa nyuma ya kabati. Baba anakohoa chumbani wiki ya tatu sasa na hataki kupimwa. Na mhudumu huyu ni jirani: jioni atakutana na familia hiyo kisimani, msikitini, kanisani au kwenye kikao cha vikoba.

Ndiyo maana nasema wajibu wake wa kwanza ni kutunza siri. Neno moja likivuja kijiweni, mgonjwa wa kifua kikuu ataacha dawa za miezi sita ili asionekane akizifuata, na mama ataficha kadi yake. Siku nyingine mhudumu akibisha hodi ataambiwa wenyewe hawapo, na mafunzo yake yote yatakuwa yamekwenda bure. Sheria nayo haikunyamaza: Sheria ya Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka matokeo ya kipimo cha VVU yabaki siri.

Siri hiyo, hata hivyo, ina mpaka. Mtoto akiteswa, akinajisiwa au akinyimwa chakula kwa makusudi, kunyamaza ni kumkinga mkosaji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za mtoto kukiukiwa haki zake azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa, ambako afisa ustawi wa jamii hulishughulikia suala hilo. Ipo pia simu ya mtoto, namba 116, isiyotozwa malipo. Taarifa iende kwenye mamlaka hiyo au simu hiyo moja kwa moja, bila kupitishwa kwanza kwa majirani.

Mpaka mwingine ni ujuzi wake. Mhudumu wa jamii si daktari. Asichome sindano, asibadilishe dozi aliyoandikiwa mgonjwa, asimkalishe nyumbani anayepaswa kuwa zahanati kwa sababu tu familia imemsihi. Kuandika rufaa mapema ni sehemu ya ujuzi wenyewe.

Wapo pia wenye wajibu kwake. Halmashauri imlipe posho yake kwa wakati. Zahanati iipokee rufaa yake kwa heshima, maana mjamzito aliyetumwa na mhudumu kisha akapokewa kwa kufokewa hatarudi, na mhudumu hataaminiwa tena.

Nanyi wakazi mna neno la kusema. Mnapoulizwa maoni kuhusu nani awe mhudumu wa kitongoji chenu, msiishie kwenye cheti chake cha shule. Ulizaneni kama ni mtu mnayeweza kumwachia siri za nyumba zenu. Kama sivyo, mkataeni mapema, mtafute mwingine.