HESABU YA KUSAKIFU CHUMBA

Katika chumba cha mama yangu huko Jinja upo ufa mmoja sakafuni, ulionyoka kama mstari wa rula. Ufa huo niliuleta mimi kwa hesabu mbaya. Naeleza habari zake hapa, maana wengi wenu mtakapopata kazi mtataka kuwasakifia wazazi wenu nyumba.

Chumba kilikuwa na urefu wa meta 6 na upana wa meta 4. Zege lilikuwa limekwisha kuwekwa. Kazi iliyobaki ilikuwa kutandaza juu yake tabaka la mchanga na saruji, unene sentimeta 5. Nilizidisha 6 kwa 4 kwa 0.05, nikapata meta za ujazo 1.2. Mchanganyiko ulikuwa fungu 1 la saruji kwa mafungu 4 ya mchanga, basi nikagawanya kwa 5: saruji 0.24. Mfuko wa kilo 50 hujaza kama lita 35, yaani 0.035. Nikanunua mifuko 7, nikajiona bingwa.

Jumamosi alasiri mifuko ikaisha, na robo ya chumba ilikuwa bado. Tulimaliza Jumatatu, lakini udongo mpya wa saruji haukushikamana vema na ule uliokwisha kukauka. Hapo ndipo ufa ulipotokea.

Kosa lilikuwa wapi? Nilihesabu kana kwamba vitu vikavu havipungui vikitiwa maji. Kati ya chembe za mchanga mna nafasi, na saruji huingia humo. Kwa hiyo kipimo cha sakafu lazima kiongezwe kama theluthi moja ndipo tupate kipimo cha vitu vikavu. Theluthi ya 1.2 ni 0.4, jumla 1.6. Gawanya kwa 5: saruji 0.32, mchanga 1.28. Gawanya 0.32 kwa 0.035, utapata mifuko 9 na kitu. Nunua 10, maana nyingine humwagika.

Mchanga wa 1.28 ni madebe 64 ya lita 20. Agiza 70, kwa kuwa mchanga wenye unyevu huvimba, na debe lake huwa na mchanga mchache kuliko lionekanavyo. Ukitaka kukumbuka kwa urahisi: kila mfuko mmoja wa saruji huchukua madebe 7 ya mchanga.

Tena, usipime unene mahali pamoja tu. Funga uzi toka ukuta hadi ukuta, upime kina mahali kama kumi, kisha utafute wastani. Zege likibonyea sentimeta 1 tu chumba kizima, mifuko karibu 2 huongezeka.

Maji yasizidi. Finyanga mchanganyiko mkononi: ukishikamana bila kuchuruzika, unafaa. Sakafu ikiisha, ifunike kwa magunia au majani ya migomba, uyalowanishe kwa siku 7 ili isikauke upesi ikapasuka.

Mama ametandika mkeka juu ya ufa ule, wala hajanilaumu hata siku moja. Lakini mwaka huu nasakifu chumba cha pili, na safari hii mifuko yote italala ndani kabla fundi hajashika mwiko.