Aliyekwenda Vitani Asirudi: Kutafuta Majina ya Wazee wa Katavi

Kwa ukoo wa Wabende, wa Wapimbwe au wa Wakonongo unaojua kwamba mmoja wa wazee wake alichukuliwa vitani na hakurudi, kinachobaki mara nyingi ni jina alilorithishwa mjukuu au kitukuu, bila kaburi, bila tarehe na bila mahali. Utafiti wa nasaba, yaani kazi ya kufuatilia vizazi vya ukoo kwa kulinganisha masimulizi ya wazee na maandishi yaliyohifadhiwa, ndio njia ya kulirudisha jina hilo kwa mtu aliyeishi. Na katika mkoa wa Katavi kazi hiyo ni ngumu si kwa sababu familia zimesahau, bali kwa sababu wengi wa wale waliowachukua watu hao hawakuona haja ya kuyatunza majina yao.

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Ubelgiji yalivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo na kuitwaa kutoka kwa Wajerumani Karema, ambayo leo imo katika wilaya ya Tanganyika, na Septemba 19 mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora. Nchi iliyo kati ya ziwa na Tabora haikuwa na reli ya kwenda kusini, kwani njia ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na mbung'o waliua ng'ombe na punda ambao wangeweza kubeba mizigo. Kwa hiyo unga, risasi na mizinga iliyofunguliwa vipandevipande vilibebwa kichwani na mabegani mwa watu. Kwa upande wa Waingereza pekee, wapagazi waliotumika katika vita vya Afrika Mashariki wanakadiriwa kufikia milioni moja, na waliokufa hawapungui 95,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam lilitokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao. Wajerumani na Wabelgiji nao walikuwa na wapagazi wao, na mtafiti asishangae akikuta kwamba ndugu wawili wa nyumba moja walibebeshwa mizigo ya pande mbili zilizokuwa zikipigana.

Tume ya kutunza makaburi ya vita ya Uingereza, ambayo leo huitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliundwa mwaka 1917 kwa msimamo kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kujali cheo wala rangi. Msimamo huo haukufuatwa Afrika Mashariki. Sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawaenzi askari na wapagazi wote kwa pamoja, na haina jina la hata mmoja wao. Ripoti ya tume yenyewe ya Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hilo halikuwa suala la usahaulifu wa makarani. Ulikuwa uamuzi wa watu waliojua wanachokifanya, na ukoo unaomtafuta mzee wake leo unaifanya kazi ambayo dola iliikataa. Kwamba kazi hiyo inawezekana kumeonekana Cape Town, ambako mnara uliofunguliwa Januari 2025 umebeba majina 1,772 ya Waafrika Kusini waliokufa katika utumishi wa Vita Kuu ya Kwanza, yakiwa yametafutwa katika nyaraka baada ya karne nzima.

Utafutaji huanzia nyumbani, na swali la kwanza halihusu vita bali majina, kwa kuwa mtu mmoja aliweza kuwa na jina la kuzaliwa, la baba, la utani na la ubatizo, na karani wa kigeni akaandika lile alilolisikia, kwa namna alivyolisikia. Kabila nalo si la kutegemewa sana: mpagazi yeyote kutoka magharibi ya nchi aliweza kuandikwa Mnyamwezi, hata kama kwao ni Mpimbwe.

Baada ya wazee hufuata madaftari ya kanisa, na hapo Katavi ina hazina ambayo haijathaminiwa inavyostahili. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadre Weupe, walikabidhiwa ngome ya Karema mwaka 1885, na popote walipofungua misheni waliandika ubatizo, ndoa na vifo. Pembeni mwa jina la aliyebatizwa huongezwa baadaye habari za ndoa yake, na pengine neno la Kilatini “obiit”, yaani alifariki. Hata hivyo, ushahidi wenye nguvu zaidi huenda usiwe katika mstari wa marehemu bali katika ndoa ya pili ya mkewe, kwa sababu sheria ya Kanisa Katoliki haimruhusu mwanamke kuolewa tena mpaka ithibitike kwamba mume wa kwanza amekufa. Mwanamke akiandikwa “vidua”, yaani mjane, katika daftari la ndoa la mwaka fulani, mtafiti amepata ukomo: kifo kilitokea kabla ya siku hiyo, na kulikuwa na mtu aliyeleta habari iliyoaminika.

Kwa Vita Kuu ya Pili njia ni nyepesi zaidi, maana askari wa keya, kama lilivyoitwa jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, waliandikwa kwa namba na kikosi. Vikosi vya 6, 26 na 36 vilikuwa vya Tanganyika, na masimulizi yanayotaja Bama, yaani Burma, yanaelekeza kwenye mnara wa makaburi ya Taukkyan, karibu na Yangon, wenye majina yapatayo 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana. Masimulizi yanayotaja kuzama baharini yanaweza kuhusu meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikazamishwa Februari 12, 1944, na kuua watu 1,297, wakiwemo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Hao wanakumbukwa kwenye mnara ulioko Nairobi. Majina hayo yote hutafutwa bila malipo kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi, na inafaa kujaribu tahajia kadhaa, r kwa l na b kwa v. Asiyeonekana anaweza kuombewa kuandikwa kwa ushahidi wa maandishi, mradi alikufa akiwa katika utumishi kati ya Agosti 4, 1914 na Agosti 31, 1921, au kati ya Septemba 3, 1939 na Desemba 31, 1947.

Kwa anayefika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, neno Katavi halitamsaidia, kwa kuwa mkoa huo ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa, na Rukwa yenyewe ni ya miaka ya 1970. Kabla yake Mpanda, yaani eneo hili, ilikuwa chini ya mkoa wa Tabora.

Katika mkoa huohuo, hata hivyo, kuna familia ambazo hakuna daftari la jeshi lolote litakalozifaa. Katumba na Mishamo ni makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, ambamo kwa makadirio ya chini waliuawa watu 100,000, na kuanzia mwaka 2014 wakimbizi wa mwaka huo wa 1972 na watoto wao wapatao 162,000 walipewa uraia wa Tanzania. Mwanzoni mwa mwaka 2020, tume ya ukweli na maridhiano ya Burundi ilifukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 katika mkoa wa Karuzi, karibu na mto Ruvubu, na baadhi ya waliouawa wakatambuliwa kwa nguo, miwani na rozari zao. Kijana aliyevuka mpaka mwaka 1972 akiwa na miaka 20 sasa amepita 70, na ni yeye anayejua baba yake alivaa shati gani asubuhi ile aliyochukuliwa.