NITRATI: ADUI ASIYEONEKANA KATIKA BAHARI YA SEBULENI

Waswahili husema usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii nilikuwa nikiiandika kwenye insha ili nipate alama tu. Likizo ya Aprili ndiyo iliyonifundisha maana yake, tena kwa machozi.

Mjomba wangu anaishi Mombasa. Sebuleni mwake ana tangi la kioo la lita 200. Ndani yake mna maji ya bahari, mawe yenye vitundu vitundu, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda mieupe, na vipande vya matumbawe alivyopewa na rafiki yake anayeyakuza nyumbani. (Msije mkaenda kuvunja matumbawe baharini jamani! Katika mbuga za baharini kama zile za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka wa 1968, ni marufuku.) Matumbawe si mawe wala si maua, ni wanyama hai. Taa ya tangi ikiwashwa hunyoosha vidole vyao laini, hata mgeni akasahau chai yake ikapoa.

Basi mjomba alisafiri kwa wiki tatu, akaniachia mkebe wa chakula cha samaki. "Kidogo tu, mara moja kwa siku," alinionya. Lakini kila nilipopita, samaki wale walinikimbilia wakipanua vinywa kama makinda ya ndege. Huruma ikanishika. Nikawa nawatilia asubuhi, mchana na jioni. Kumbe mchelea mwana kulia hulia yeye!

Kufikia wiki ya tatu, kioo kilikuwa kimeota utando wa kijani. Matumbawe yalijikunyata, na rangi yake nzuri ikageuka kahawia. Ajabu ni kwamba maji yenyewe yalikuwa maangavu, ungeweza kusoma gazeti upande wa pili.

Mjomba akarudi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu nambie, weye umewalisha nini hawa?"

"Chakula ulichoniachia tu, mjomba. Na maji ni safi, tazama mwenyewe!"

Hakunijibu. Alichota maji kidogo kwenye kichupa, akatia matone ya dawa ya kupimia, akatikisa. Tukangoja dakika chache. Maji yakawa mekundu. Akayalinganisha na kadi ya rangi: miligramu 60 za nitrati kwa kila lita! Siku aliyosafiri zilikuwa 10.

NITRATI HUTOKA WAPI?

Samaki akila, hutoa kinyesi. Chakula kisicholiwa nacho huzama na kuoza. Vyote hivyo hutoa amonia, sumu kali inayoweza kumuua samaki upesi. Bahati nzuri, kwenye mawe na mchanga huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Bakteria wengine huichukua nitriti hiyo na kuigeuza nitrati, ambayo ina madhara machache zaidi. Ndiyo sababu tangi jipya huachwa wiki nne hadi sita, au zaidi, kabla ya kujazwa viumbe: bakteria hao wanahitaji muda wa kuongezeka.

Sasa shida iko hapa. Nitrati ikishapatikana, haina haraka ya kuondoka. Haina rangi, haina harufu. Inabaki mle ndani ikijumlika siku baada ya siku. Haba na haba hujaza kibaba, na mimi nilikuwa nikikijaza kwa kiganja!

MADHARA YAKE

Kwenye mwamba wa baharini, nitrati kwa kawaida haifiki hata miligramu 1 kwa lita. Matumbawe yamezoea maji hayo maskini. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo mno ambao hutumia mwanga kutengeneza chakula, kisha hugawana na mwenyeji wake. Nitrati ni mbolea. Wale wenzetu wanaotoka mashambani wanaijua CAN inayotiwa kwenye mahindi. Nitrati imo humo. Basi mwani ukipata mbolea kupita kiasi, huongezeka ovyo. Ule wa ndani huyafanya matumbawe yawe ya kahawia na kuvuruga ule ushirikiano wao, na ule wa nje huota juu yao na kuwasonga.

Hata hivyo, msidhani kwamba dawa ni kuiondoa yote. Nitrati ikiisha kabisa, ule mwani wa ndani hukosa lishe na matumbawe hupauka. Mjomba hulenga kati ya miligramu 2 na 10.

HESABU YA MJOMBA

Nilidhani tutamwaga maji yote tuanze upya. Mjomba akacheka. "Ukiwabadilishia yote kwa mpigo utawaua kwa mshtuko. Haraka haraka haina baraka."

Alichukua karatasi. Tangi ni lita 200. Ukitoa robo, yaani lita 50 (mitungi miwili na nusu ya lita 20), na kurudisha maji safi ya bahari, nitrati hupungua kwa robo: 60 inakuwa 45. Wiki ijayo 45 inakuwa kama 34, halafu 25, halafu 19, halafu 14. Wiki tano hizo, na hapo hatujahesabu inayoongezeka.

Hiyo inayoongezeka ndiyo siri yenyewe. Tuseme chakula kinaleta miligramu 5 kwa lita kila wiki, nawe unabadilisha sehemu moja ya kumi tu ya maji. Nitrati itapanda, itapanda, hadi ifike 50 ndipo itulie, kwa sababu sehemu moja ya kumi ya 50 ni 5. Lakini ukipunguza chakula hadi iongezeke 2 tu kwa wiki, na ukabadilisha sehemu moja ya tano, itatulia kwenye 10. Kwa hivyo kubadilisha maji peke yake hakutoshi. Ni sharti ufunge mfereji unaoingiza uchafu.

Haya basi ndiyo tuliyoyafanya:

1. Kulisha mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili.

2. Kusuuza sponji ya kuchujia kila wiki. Uchafu ulionaswa humo huendelea kuoza, hata kama hauuoni.

3. Kuifanyia usafi mashine ya mapovu, ambayo hunasa taka kabla hazijaoza.

4. Kukuza mwani kwenye tangi dogo la pembeni. Mwani hula nitrati. Ukiuvuna na kuutupa, umeitupa nitrati.

5. Kuyaacha mawe yalivyo. Ndani kabisa, pasipo na oksijeni, huishi bakteria wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni, ikapaa zake.

6. Kupima kila Jumamosi na kuandika daftarini.

JAMBO LILILONISHTUA

Maji ya tangi hupungua kwa kugeuka mvuke. Chumvi haipai, hivyo hujazwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Nikapendekeza tutumie ya kisima cha pale uani. Si yako bure? Mjomba akasema tuyapime kwanza. Yalikuwa maangavu kama machozi. Alipotia matone, yakawa mekundu kuliko yale ya tangi!

Tulitazamana. Kisima kile hakiko mbali na choo cha shimo, na kinyesi cha binadamu ardhini hufuata njia ileile ya amonia, nitriti na nitrati. Shangazi alikuwa akiyachemsha maji yale kumpikia mtoto uji. Kuchemsha huua vijidudu, lakini nitrati haiondoki. Maji yakipungua sufuriani, nitrati huzidi ukali. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita katika maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga, kwa maana nitrati nyingi huzuia damu yao kubeba oksijeni vizuri. Tangu siku hiyo kisima ni cha kufulia tu. Maji ya mtoto hununuliwa, na ya tangi pia, yaliyochujwa kwa mashine.

Likizo ya Agosti nilirudi Mombasa. Daftari lilisoma miligramu 8. Matumbawe yalikuwa yamenyoosha vidole tena, isipokuwa kipande kimoja ambacho hakikurudi. Mjomba amekiacha palepale, cheupe, ili nikione kila nikija.

Basi wenzangu, iwe ni tangi, kisima au mto unaopita karibu na kwenu, msiseme maji ni safi kwa kuwa ni maangavu. Pimeni. Na mkiachiwa samaki wa watu, kidogo tu, mara moja kwa siku!