Milima ya Upare na Mafunzo Yake

Msafiri atokaye Tanga kwenda Moshi, akikaribia mji wa Same, huiona milima ya Upare imesimama mkono wake wa kulia kama ukuta, na bonde la mto Pangani limelala kushoto kwake. Ukuta huu haukutoka katika moto wa volkano kama Kilimanjaro. Basi umetokeaje?

Wataalamu wa mawe wasema ya kuwa mawe ya Upare yalipikwa na kukandwa chini sana ya ardhi, yapata miaka milioni 640 iliyopita, mabara ya kale yalipogongana na kubanana. Ndiyo maana mengi yana mistari myeupe na myeusi iliyopindana kama unga uliokandwa. Zama nyingi baadaye, ardhi ya Afrika ya Mashariki ilivutwa ikapasuka. Kando ya nyufa hizo upande mmoja ulididimia ukawa bonde, na wa pili ukainuka ukawa milima, hata kilele cha Shengena kikapita mita 2,400 juu ya bahari.

Elimu hii si ya kujifurahisha tu. Mlima ulioinuliwa namna hii huwa na miteremko mikali. Juu ya jiwe gumu hulala udongo uliotokana na jiwe hilo hilo kwa kuoza. Mvua kubwa ikiulowesha, huwa mzito ukateleza. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2009 huko Mamba Miamba, wilaya ya Same: udongo uliporomoka ukafunika nyumba, na watu wapatao 20 au zaidi wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Je, tuseme ni kudura, tukae kimya? La, hasha! Mtume wetu (s.a.w.) alimwagiza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee. Yatupasa basi tusifyeke miti ya miteremkoni, tusijenge chini ya genge, na tutunze matuta na mifereji ya ndiva tuliyorithishwa na wazee wa Kipare. Tukiona ufa mpya ardhini, au chemchemi imegeuka tope wakati wa mvua, tuwahamishe watoto kabla ya usiku kuingia.

Enyi vijana, Suratul-Ghashiya yatuhimiza kuitazama milima. Aitazamaye kwa elimu humtukuza Muumba wake, na humlinda jirani yake.